Wa Ngamiani 🌴 Jersey na Bronx

Da Mwana: Asalaam aleykum jamani. Bibi anaondoka Jumatano na bado anauliza lile duka la samaki wa moshi ambalo marehemu Ba'mdogo akimtumia picha zake, Russ & Daughters, Houston Street kule Manhattan. Jumapili hii ndo ya mwisho. Nataka majina USIKU HUU. Mie, Bibi, Zuhura. Nani mwengine

Da Mwana: ???

Da Mwana: Watu 19 humu

Hamza: 👍

Da Mwana: Hamza hilo dole ni unakuja au umesoma tu

Hamza: Nimesoma

Salim: si ndo kule kwa pastrami 🤤

Da Mwana: Hapana we, hiyo Katz's, duka la nyama, mtaa huohuo mbele kidogo. Hili samaki na vitu vya maziwa tu, Wayahudi dini yao nyama na maziwa havikai sahani moja ndo mana maduka yakawa mbalimbali, ila samaki hahesabiwi nyama kwahiyo samoni na chizi vinapanda kwenye bagel, ule mkate wa duara, bila neno. Lipo toka 1914. Mzee Joel Russ akawaingiza binti zake watatu kwenye biashara mpaka jina la duka likawa lao, hiyo Daughters ndo binti, hiyo ndo Bibi imemkaa

Salim: Katz's ukiingia wanakupa tiketi ukiipoteza unalipa dola 50, Hamza asikanyage 😂😂

Hamza: Pasipoti nilipoteza mara moja tu

Salim: na funguo za Da Mwana

Hamza: zilipatikana

Da Mwana: JAMANI. Nani anampitisha Bibi Journal Square. Treni mbili zile na ngazi za treni ya F pale Second Avenue hawezi na goti lake. Nataka jibu la GARI

Zuhura: Na presha je, samaki wa chumvi?

Da Mwana: Ataagiziwa nova. Zote samoni, ila lox ya asili ndo chumvi tupu haioni hata moshi, nova inapitishwa moshi wa baridi na chumvi yake ya kiasi. Robo ratili inamtosha, wanakata kwa mkono kipande chembamba mpaka mwanga unapita. Dukani hakuna pa kukaa, unachukua namba unasimama, Jumapili asubuhi ndo usiseme, sasa tukiona watu wengi tunahamia kafe yao Orchard Street Bibi apate kiti

Salim: kwahiyo tunavuka mto kwenda kula ng'onda kwenye mkate wa tundu

Hamza: 😂😂😂

Da Mwana: We Salim usije

Salim: nakuja

Ma'mdogo Rehema: Mwenzenu Mzungu aliandika binti zake juu ya mlango. Duka letu la Ngamiani kule nyumbani liliandikwa nani? Nauliza tu

Hamza: 👀

Da Mwana: Ma'mdogo leo tunaongelea gari

Ma'mdogo Rehema: Na mie naongelea duka. Waliofungua saa 12 asubuhi miaka yote ile tunajuana, na aliyekuja kukabidhiwa funguo tunamjua, na yumo humu anasoma kimya

Salim: ng'onda imeshaanza kunuka

*Salim amefuta ujumbe huu*

Zuhura: Nilikuwa namsomea Bibi kwa sauti, sikujua yanafika huku 😭 Anasema niandike hivihivi: "Duka lile nilitoa mimi kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu. Rehema, hasira zako ni kwangu, niletee mimi, usimpe kaka yako. Akilitaja mtu tena huko kwenye samaki siendi, na Jumatano asinisindikize mtu uwanja wa ndege."

Da Mwana: Tumesikia Bibi

Hamza: Samahani Bibi

Da Mwana: Haya basi. Mie, Bibi, Zuhura, Salim, Hamza. Saa mbili asubuhi tuwe njiani. Gari bado

Mjomba Faki: Ndo natoka kazini. Nimesoma yote. Gari ninayo.

Da Mwana: Alhamdulillah. Mjomba unakuja nasi au unatupa gari tu?

Mjomba Faki: Muulizeni Rehema kama anakuja.

Da Mwana: Ma'mdogo?

Salim: wana zile bagel za vitunguu juu? naulizia tu

Da Mwana: Ma'mdogo Rehema nakuona upo hewani

Zuhura: Bibi anauliza Rehema anapenda samaki gani, amchukulie hata kama haji