Mrejesho: magnolia ya kuchelewa kuchanua

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini matumba ya magnolia (mti wa mapambo wenye maua makubwa) yanageuka kahawia na kudondoka kabla ya kufunguka. Jibu ni jalidi, yaani baridi ya kugandisha: aina za mapema huchanua kwenye matawi matupu, baridi ya usiku mmoja ikiunguza tumba, basi. Kwa hiyo nimebadili aina. Nimechukua Magnolia sieboldii, ambayo hutoa maua majani yakishatoka. Wanaopenda ya njano, 'Yellow Bird' nayo huchelewa.

Kazi kubwa ni mizizi. Ni minene, laini kama kamba iliyolowa, hukatika kirahisi na hupona polepole, ndiyo maana kuhamisha mti mkubwa ni kubahatisha. Shimo liwe pana mara 2 au 3 ya kifurushi cha mizizi, lakini kina kisizidi urefu wake. Shingo ya mti, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa wa ardhi. Udongo uwe na pH (kipimo cha uchachu) 5.5 hadi 6.5. Majani yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, mti haupati chuma, mara nyingi kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Mbolea ya kawaida haitatibu hilo.

Matandazo sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Usilime wala kupanda maua chini yake, mizizi iko juujuu.

Kupogoa: mara tu maua yakiisha. Matumba ya mwaka ujao hujiunda kiangazi, hivyo anayekata majira ya baridi anakata maua yake mwenyewe.