Salma anataka kuongoza ndege

Salma: Shikamooni wakubwa. Nimeamua, nikimaliza chuo naomba mafunzo ya kuongoza ndege. Kaka Hamisi jiandae, nina maswali.

Mjomba Idi: Marahaba mwanangu. Sasa usome miaka yote hiyo ukapunge vijiti uwanjani? 😂

Hamisi: Shikamoo mjomba. Wale wa vijiti wanamwonyesha rubani pa kuegesha. Sisi tuko mnarani au chumba cha rada, tunawaelekeza marubani kwa redio. Mimi ndege zenyewe sizioni kabisa, naona alama tu kwenye skrini. Ila nikutendee haki: Archie League, anayetajwa kuwa mwongoza ndege wa kwanza Marekani, mwaka 1929 alikuwa anasimama uwanjani St. Louis na bendera mbili, moja ya kusimamisha, nyingine ya kuruhusu.

Mjomba Idi: Nilijua tu.

Mama Salma: Mimi nauliza presha. Nasikia kazi hiyo inazeesha watu mapema.

Hamisi: Shikamoo mama mdogo. Inachosha, sikatai. Ndiyo maana mtu hakai mezani zamu nzima, kwa kawaida saa mbili hazipiti hujampisha mwenzako. Mimi kinachonitesa ni zamu za usiku na sikukuu. Na usiku wenye ndege mbili tatu ndio mgumu kuliko wenye msongamano, akili inataka kulala.

Salma: Na miwani yangu je? Na hesabu zangu mnazijua 🙈

Hamisi: Miwani ruksa, mradi ukiivaa unaona vizuri. Rangi lazima uzitofautishe. Anza kwa daktari wa usafiri wa anga, upate cheti cha afya cha daraja la 3, KABLA hujalipa ada popote. Hesabu ni za kichwani: ndege mbili zinaelekea sehemu moja, moja kasi yake noti 420 (noti ni maili ya baharini kwa saa), nyingine 450, nani atangulie? Rada za masafa marefu kwa kawaida zinataka ziachane maili 5 za baharini, au moja iwe juu ya mwenzake kwa futi 1,000. Na jibu linatakiwa sasa hivi, huku mwingine anakuita redioni.

Hamisi: Tena tujaribu. Sikiliza mara moja tu, usirudie, kisha andika nilichosema.

Hamisi: 🎤 0:07

Salma: Geuka kushoto uelekeo 210, shuka futi 6,000, punguza kasi noti 160.

Mama Salma: Amesema 180.

Hamisi: 😂😂 Ni 180. Mama mdogo, wewe tungekuchukua.

Mama Salma: Na miaka yangu 52?

Hamisi: Hapo sasa. Marekani anayeanza lazima aombe kabla ya kutimiza 31, na 56 wanamstaafisha. Kila nchi ina ukomo wake, Salma angalia mapema. Leseni yenyewe, kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, haitolewi chini ya miaka 21.

Salma: Lakini noti 20 tu jamani!

Hamisi: Aliye nyuma yako nimempa 180. Wewe ukienda 160 anakufikia. Ndiyo maana rubani anarudia maelekezo na mimi nasikiliza kama karudia sawasawa. Kosa lako mwenyewe ni rahisi kulikamata, la kusikia unachotarajia kusikia ndilo linaua. Kisiwa cha Tenerife, Uhispania, 27 Machi 1977, ukungu umetanda. Ndege ya KLM imeshaanza kukimbia ili ipae, bila ruhusa. Mnara unamwambia rubani wake asubiri, na papo hapo rubani wa ndege ya Pan Am anasema bado yuko kwenye njia hiyo hiyo ya kurukia. Sauti mbili kwenye masafa mamoja ya redio, kule KLM sehemu kubwa ikasikika mlio. Hawakusimama, wakaigonga Pan Am. Watu 583 wakafa.

Mama Salma: Subhanallah.

Mjomba Idi: Kwa hiyo kazi ni masikio.

Hamisi: Masikio na ulimi, mjomba. Kiingereza pia kinapimwa, daraja la 4 kati ya 6 ndilo la chini kabisa. Ukiishia hapo unarudia mtihani kila baada ya miaka mitatu hivi.

Salma: Mafunzo magumu?

Hamisi: Darasani na kwenye mashine ya kuigiza utafika. Mtihani ni kazini, ndege za kweli, mkufunzi kakaa pembeni na vifaa vyake masikioni, anaweza kukukata katikati ya sentensi na kuongea yeye. Wengine wazuri darasani wanakwama hapo. Halafu ukihamishiwa kituo kingine unajifunza tena anga la huko, leseni unayo lakini peke yako huruhusiwi.

Salma: Bado nataka.

Mjomba Idi: Tuma sauti nyingine, na mimi nijaribu.

Hamisi: Kesho mjomba. Naingia zamu, simu inabaki nje.

Mama Salma: Hamisi, huyo daktari unamjua? Nitumie namba pembeni kabla hujaingia.

Hamisi: Tayari mama mdogo, angalia.