Naomba ushauri: mashua ya tanga, mtu mmoja

Wadau, habari za jioni. Nakaa South B, Nairobi, na nina kimashua cha mbao cha futi 14, tanga moja, nimekiweka Ziwa Naivasha. Kila kitu nafanya peke yangu wikendi. Mwezi wa tatu nilikitia kalafati ya pamba, yaani nilijaza pamba kwenye nyufa kati ya mbao, lakini Jumamosi nilipochoma kisu karibu na mkuku (ule uti wa chini wa mashua), kisu kiliingia kama kwenye keki. Maji baridi huozesha mbao kuliko ya chumvi, najua. Je, niungoe ubao mzima au nikate kipande kilichooza tu? Halafu upepo wa mchana: nawezaje kupunguza tanga bila kuachia usukani? Mkono wa tatu sina. Na viboko nao wananitazama tu.