Fedha kwa kila alama A: je, huongeza ari ya walimu?

Mwalimu wa Ukerewe:
Ndugu walimu, bodi ya shule yetu ya sekondari inakusudia kutumia michango ya wazazi kulipa motisha kwa kila alama A ya mtihani wa kidato cha nne, na mlipwaji atakuwa mwalimu aliyefundisha somo hilo mwaka wa mwisho. Mimi nafundisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili, kwa hiyo sitapata kitu, ingawa wanafunzi wanamfikia mwenzangu wakiwa tayari wanaijua insha. Je, kwenu utaratibu huu uliongeza ari au ulileta mgawanyiko?

Mwalimu wa Hisabati, Ilemela:
Vyote viwili. Sitakataa kwamba fedha hunibakiza shuleni jioni, lakini A ya Hisabati ni adimu, na anayelipwa kwa A peke yake humsahau mwanafunzi wa F. Ombeni walipe pia kwa kila anayevuka kutoka F.

Mratibu elimu mstaafu, Nyamagana:
Mwalimu, suala hili limewahi kupimwa nchini mwetu. Mwaka 2013 na 2014 mradi wa KiuFunza wa shirika la kiraia la Twaweza ulihusisha shule za msingi 350: nyingine zilipewa ruzuku, nyingine walimu wake wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi atakayefaulu jaribio la somo, huku mwalimu mkuu akipata 1,000, na nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua ufaulu. Ilipoungana na motisha, matokeo yalipanda waziwazi. Mwalimu anayeahidiwa fedha huku hana vitabu atafanya nini?

Hata hivyo, ari na kuridhika na kazi si jambo moja. Mwanasaikolojia Mmarekani Herzberg, mwaka 1959, alieleza kwamba mshahara huondoa manung'uniko tu, na kwamba kinachomridhisha mtu ni kazi yenyewe, kutambuliwa na kupanda cheo. Alikuwa amewahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, nami sidhani kama hao walikuwa wakidai nauli ya likizo. Kwa mwalimu wa kisiwa cha Ukara aliyepandishwa daraja bila mshahara kubadilika, ambaye Bodi ya Mikopo inamkata asilimia 15 ya mshahara kwa deni la chuo na ambaye lazima avuke maji hadi Nansio kufuatilia malimbikizo yake, fedha ndiyo kutambuliwa kwenyewe. Bahasha ya A haitamtuliza.

Mwalimu wa Ukerewe:
Nashukuru, mzee wangu. Nitapendekeza fedha ziende kwa idara, zigawanywe kwa walimu wote wa somo kuanzia kidato cha kwanza. Mwalimu wa Ilemela, kwenu mkuu wa shule naye hupata mgao?

Mwalimu wa Hisabati, Ilemela:
Hupata, kutoka mfuko uleule, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Liandikeni hilo kwenye muhtasari wa kikao kabla ya matokeo kutoka.