Tupeane uzoefu: vijiti vya kupima yai kupevuka

Habari za jioni wapendwa. Sisi tunaotafuta mtoto, leo tuongelee hivi vijiti vya kupimia nyumbani. Naanza mimi.

Kijiti hakioni yai. Kinapima homoni ya LH kwenye mkojo. Hiyo ikipanda ghafla, yai hutoka kama saa 24 hadi 36 baadaye. Kinachochanganya wengi ni mistari. Kwenye kipimo cha mimba hata mstari hafifu unahesabika, lakini huku mstari wa T (wa kipimo) lazima ukoze sawa na wa C (unaoonyesha kijiti kimefanya kazi) au uuzidi. Wangu huanza kama kivuli, kesho yake unakuwa waridi, halafu jioni moja unakoza mpaka unaupita wa C. Nakisoma ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti na kukipiga picha hapo hapo, maana kikishakauka hakiaminiki. Wenzangu mnafanyaje?

Mama Subira: Dada, mimi muuguzi alinielekeza nitoe 17 kwenye mzunguko. Wangu ni wa siku 32, kwa hiyo nilianza siku ya 15. Napima mchana, na saa mbili kabla sinywi maji mengi ili mkojo usiwe mwepesi. Sasa hivi nina mimba, alhamdulillah.

Rehema wa Tanga: Hongera Mama Subira! Ila wenye PCOS (tatizo la homoni linalovuruga yai kutoka) tuwe makini jamani. Kwangu LH inakaa juu muda mrefu, kijiti kinakoza leo, kesho, keshokutwa, na yai halijatoka. Niliumia sana kwa matumaini yale. Ultrasaundi na kipimo cha damu cha projesteroni (homoni inayopanda yai likishatoka) ndivyo vilivyoonyesha ukweli, na sasa niko kwenye matibabu.

Baba Mtarajiwa: Naomba niingie kama mwanaume. Yai likishatoka halizidi saa 24, lakini mbegu zinaweza kuishi mpaka siku 5. Kwa hiyo msisubiri mstari ukoze ndiyo mkutane, anzeni mapema, hata siku moja ndiyo moja hapana. La pili, kaka zangu, tukapime mbegu. Ni kikombe tu cha maabara. Mke wangu alihangaika na vijiti miezi na miezi, na yai lake lilikuwa linatoka vizuri. Tatizo lilikuwa kwangu, na lina tiba.

Mwanzisha mada: Kaka, Mungu akubariki kwa kusema wazi. Na tusikae na vijiti bila kikomo: chini ya miaka 35, mkijaribu mwaka mzima bila mimba nendeni hospitali wote wawili, 35 na kuendelea, miezi 6 inatosha. Rehema, hiyo projesteroni hupimwa siku ya ngapi?

Rehema wa Tanga: Siku 7 kabla ya hedhi unayoitarajia, mpenzi. Mwenye mzunguko wa siku 28 ni siku ya 21. Wako ukiwa mrefu, mwambie daktari mapema ili akupangie siku yako.