Mrejesho: kile kifaa cha umeme kwa mgongo wa kaka

Wakuu, niliuliza kuhusu kaka yangu, mbeba magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, aliyepasuliwa mgongo lakini mguu ukabaki unawaka moto hadi kidole gumba. Mmoja wenu akataja kifaa cha kupandikizwa mwilini kinachotuliza maumivu kwa umeme (kwa Kiingereza spinal cord stimulator).

Tumemwona daktari. Kifaa kipo, na si kipya: daktari Norman Shealy alikipandikiza Marekani mwaka 1967. Nyaya nyembamba hulazwa karibu na uti wa mgongo, betri chini ya ngozi juu ya tako, na umeme mdogo unavuruga taarifa ya maumivu isifike ubongoni. Chanzo hakiponi. Nilichopenda, mgonjwa hujaribishwa kwanza: nyaya ndani, betri nje, kama wiki hivi. Maumivu yasipopungua walau nusu, zinachomolewa. Hata viatu vya mtumba hatujaribishwi hivyo!

Kaka akauliza, "Nitabeba gunia tena?" Daktari akacheka. Ukiinama na kujipinda hovyo, hasa miezi ya mwanzo, nyaya zinahama.

Bei ikatunyamazisha wote. Kwa sasa kaka anatumia pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, na mazoezi. Usiku analala, mazoezi ndiyo anayakwepa, shemeji yenu anamsimamia kama askari. Asanteni sana.