Gurnah ni wetu au si wetu? Mi naona tunagombania kitu kingine kabisa

Wadau, tangu Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah apewe Nobel ya fasihi huu ubishi haujaisha. Kuna wanaosema ni Mzanzibari, katutoa kimasomaso, na kuna wanaosema jamaa kaondoka mwishoni mwa miaka ya 60 akiwa kijana mdogo, kafundisha Uingereza miaka mingi, anaandika Kiingereza, sasa wetu kivipi?

Mimi hili la pasipoti limenichosha. Riwaya yake Paradise ilitoka 1994, ikaingia mpaka orodha fupi ya tuzo ya Booker, halafu tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi ya Ida Hadjivayanis, imetoka 2022. Miaka 28! Yani mpaka Wasweden wanaotoa Nobel waseme ndo na sisi tukashtuka.

Na nyie mnaosema si fasihi yetu kisa lugha, isomeni kwanza. Yusuf ana miaka 12 anatolewa kwao kulipia deni la baba, anapelekwa pwani kwa tajiri Aziz ambaye Yusuf siku zote alijua ni ndugu, mpaka Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz, anamwambia yule si ndugu yako, muite seyyid, yani bwana. Kiingereza kina neno moja tu hapo, uncle, ila sie lazima uchague, ami au mjomba, na ukishamwita hivyo ushamweka kwenye damu kabisa, kwa hiyo ule uongo unauma zaidi kwa lugha yetu. Wale watu walikuwa wanaongea Kiswahili tangu mwanzo bana, hata kama sisi tulikuwa hatuwasikii.

Ila hoja moja ya wapinzani naikubali, waliobaki na Kiswahili hawakuangaliwa hivyo. Shafi Adam Shafi ni Mzanzibari vilevile, riwaya yake Vuta N'kuvute ni ya 1999, na sie wenyewe tumemfanyia nini? Wengi tumeisoma kwa ajili ya mtihani, tukakariri dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, tukaiweka pembeni. Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozeshwa, anampenda Denge ambaye roho yake yote iko kwenye kupigania uhuru, hapo pana ugomvi wa kukesha, je mapenzi yalikuwa na nafasi kweli kwa Denge? Darasani kwetu hakuna aliyeuliza, tulitafuta maksi tu. Hiyo inaniuma kuliko Nobel.

Sasa nyie mnaomkataa Gurnah, riwaya gani ya Kiswahili mmenunua kwa hela yenu miaka hii kumi, siyo ya shule? Itajeni hapa, na mseme ilipowakera.